Mvua Iliyokatwa Vipande Viwili

Aliifuta kwa raba yangu mwenyewe.

Mkuu wetu wa ofisi alikuwa ameitandaza grafu yangu mezani, pembe moja kaigandamiza kwa kikombe cha chai, pembe nyingine kwa kiwiko, nami nimesimama mbele yake kama mtoto wa skuli. Aliifuata polepole kwa kidole mpaka akafika kwenye nukta iliyokaa peke yake kule juu, kwenye kipande cha karatasi nilichokiunga kwa gundi kwa sababu karatasi ya kawaida haikutosha. Akaguna. Akachukua raba iliyokuwa kando ya penseli zangu, akafuta, akapuliza. Kazi ya wiki tatu ikaangukia sakafuni.

"Umefanya nini?" nikamuuliza.

"Nimesawazisha. Nukta hii inaniharibia mstari."

"Hiyo ni mvua, ndugu mkuu. Ilinyesha."

"Mama mtoto," akasema, na kucheka akacheka, "nenda kanyonyeshe. Maziwa yamekupanda kichwani."

Nilikuwa nimemvumilia mengi mtu huyu. Siku hiyo uvumilivu ulikatika. Niliikamata grafu kwa mikono miwili, nikaivuta, kikombe kikapinduka, chai ikamwagikia suruali, nikapiga kelele ambazo sikuzipiga hata nilipokuwa nazaa: "Mama yangu na mwanangu wanapelekwa kukaa chini ya nukta hiyo! Umeifuta, haya, na maji utayafuta?" Chumba cha pili mashine ya chapa ikanyamaza.

Waliosikia walisema baadaye kwamba nilipandwa na hasira. Ni kweli. Lakini hasira haikuwa peke yake. Nilikuwa naogopa, na nilikuwa nimeogopa mwezi mzima.

Mimi ni karani. Nilimaliza kidato cha nne, hesabu nikawashinda wavulana wote wa darasa langu isipokuwa mmoja, nikaajiriwa hapa Bagamoyo katika ofisi inayotunza madaftari ya kituo cha hali ya hewa. Kituo chenyewe ni uwanja mdogo wa majani uliozungushiwa waya. Ndani yake kuna kisanduku cheupe cha vipimajoto na chombo cha shaba cha kukingia mvua. Kila siku saa tatu asubuhi maji yaliyokingwa humiminwa katika chupa yenye alama, hupimwa, huandikwa. Ni kazi ya dakika tano, ndiyo maana hakuna mtu anayeifikiria.

Mwaka huo operesheni ya kuwahamishia watu vijijini ilikuwa imetufikia. Mama yangu anakaa kwenye mwinuko nje ya mji, kati ya mikorosho yake. Aliambiwa kwamba yeye na majirani zake watahamia kijiji kipya bondeni, kando ya mto Ruvu, wakalime mpunga. Kiwanja chake kilikuwa cha tatu kutoka mtoni. Kati ya mto na nyumba lingejengwa tuta la udongo la kuzuia maji. Na mwanangu, msichana asiyetimiza hata miaka miwili wakati ule, alikuwa akikaa kwa mama siku zote za kazi, maana baba yake yuko kazini Tanga, na ofisini hawataki watoto. Nilimleta mara moja tu. Mkuu aliniuliza kama ofisi yake imegeuka kliniki.

Sasa tuta lilihitaji kimo. Wapimaji wakaleta barua: wanataka grafu ya joto kali kuliko yote na ya mvua kubwa kuliko zote ya siku moja, kwa kila mwaka tangu kituo kilipoanza. Joto kwa ajili ya mpunga, mvua kwa ajili ya tuta. Nukta ya juu kabisa ya mvua ndiyo itakayosema tuta linyanyuliwe kiasi gani. Kazi nikapewa mimi.

Nilianza na joto. Nilipekua daftari baada ya daftari, nikitafuta katika kila mwaka ile siku moja iliyoungua kuliko nyingine, na karibu zote zilikuwa za msimu wa kaskazi, kabla masika hayajafungua. Niliweka nukta kwa penseli iliyochongwa vizuri. Nukta za joto zilipangika kama watu kwenye safu ya sala, huyu kasogea kidogo mbele, yule kidogo nyuma. Mkuu alipoiona alifurahi mno. "Hii ndiyo grafu," akasema. "Na ya mvua iwe hivi hivi."

Ya mvua nayo ikaja hivi hivi. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa.

Maana kuna mwaka mmoja ninaoujua bila daftari. Nilikuwa na miaka saba, na wakati huo tulikuwa tukikaa huko huko bondeni, kwenye nyumba ya bibi mzaa baba. Mvua ilianza watu wakitoka msikitini baada ya sala ya adhuhuri. Usiku kucha haikunyamaza. Alfajiri nilizinduka godoro limelowa, nikadhani nimekojoa, nikanyamaza kwa aibu, kumbe ni mto uliokuwa umeingia ndani. Mama alinifunga mgongoni kwa kanga mbili, mtoto mkubwa kama mimi, akatoka akipapasa chini kwa mchi wa kinu ajue pa kukanyaga. Yale maji hayakuwa baridi. Yalikuwa ya uvuguvugu, kama ya kuogea mtoto, na mpaka leo nikichemsha maji ya kumwogesha mwanangu mkono wangu husita. Shangazi yangu alikuwa nyuma yetu. Nilikuwa nikimwona kwa kuwa nilitazama nyuma. Kisha nikawa simwoni.

Ndipo familia nzima ikapanda mwinuko kwenye mikorosho. Mama alipoambiwa arudi bondeni alikaa chini tu.

Basi nikaufungua mwaka huo, nikatafuta mvua yake kubwa ya siku moja, nikaweka nukta. Ikakaa chini. Si chini kidogo. Ilikuwa chini ya mwaka ambao watu walikula mihogo mikavu mpaka midomo ikapasuka. Nikafikiri nimekosea mstari. Nikarudia, ikakaa pale pale. Nikajumlisha mwezi mzima siku kwa siku, na jumla ya mwezi huo ikawa kubwa kuliko ya mwezi wowote katika madaftari yote. Maji yalikuwemo mwezini ila hayakuwemo katika siku yoyote. Nilikaa na rula mkononi.

Aliyeyaandika madaftari yale ni mzee mmoja mwalimu wa chuo cha Kurani, aliyeifanya kazi hiyo tangu wakati wa Mwingereza mpaka alipostaafu. Nilimkuta barazani kwake anashona kofia.

"Shikamoo, maalimu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Wewe si yule bibi anayehesabu mvua zangu?"

"Ndiye mimi."

"Na umeziona ziko sawa?"

"Za mwezi ziko sawa."

Akaacha sindano. "Za mwezi ziko sawa. Maana yake kuna zisizo sawa. Sema, usinizungushe, mimi si mchumba."

Nikamtajia ule mwaka. Nikamwambia kwamba daftari lina siku mbili zinazofuatana, kila moja na mvua ya wastani, na hakuna siku yenye mvua ya kubeba watu. Nikamwuliza alikuwa akipima saa ngapi.

"Saa tatu asubuhi, kama sheria ilivyotaka. Na jioni, kabla ya magharibi."

"Jioni?"

"Nimwage chombo nikaswali. Siku mpya inaingia na magharibi, mwanangu, hukufundishwa? Siku mpya haiwezi kuingia na maji ya siku iliyokufa ndani ya chombo."

"Na ulijumlishaje?"

Alinitazama kama anayemtazama mwanafunzi aliyeshindwa kusoma alifu. "Maji ya usiku niliyoyakuta asubuhi, na maji ya mchana niliyoyakuta jioni. Hiyo ndiyo siku moja. Magharibi mpaka magharibi. Ungetaka nihesabu vipi?"

Hapo nikaelewa. Wenzetu wa vituo vingine huhesabu kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa tatu asubuhi ya pili. Mvua iliyoanza adhuhuri ikaendelea mpaka alfajiri, kwao ni mvua moja ya siku moja. Kwa maalimu, jua lilipozama aliikata. Kipande cha mchana alikiandika katika siku inayokwisha, kipande cha usiku katika siku inayoingia. Kila mvua kubwa ya mchana na usiku, tangu siku aliyoanza kazi, alikuwa ameikata vipande viwili kwa uchaji wake. Hakuna tone lililopotea, na kila aliyekuja kukagua alikagua jumla za miezi, akamsifu.

"Maalimu," nikasema, "ile mvua iliyotutoa bondeni umeiandika katika siku mbili."

"Ilinyesha siku mbili."

"Ilinyesha mara moja. Mto haukusubiri magharibi."

Akaiweka kofia kando. Kisha akainuka, akaingia ndani, akarudi na mfuko wa nguo uliojaa vidaftari vya mfukoni. Humo alikuwa ameandika kila kipimo peke yake, cha jioni na cha asubuhi, kwa hati nzuri ya Kiarabu, kabla ya kujumlisha na kunakili kwenye daftari la ofisi. Sikuamini macho yangu.

"Vichukue," akasema. "Lakini utaniandika? Utasema mzee yule kaharibu?"

"Nitasema ulipima sawa. Ni kuandika tu ndiko kulikofuata kalenda yako."

"Hiyo ni kweli. Iseme hivyo hivyo." Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Wale wa bondeni wanahamia lini?"

"Kabla ya masika."

"Subhanallah," akasema, na sindano hakuishika tena.

Kwa wiki tatu nilifanya kazi mbili, mchana ya ofisi, na saa za chakula hii. Nilichukua maji ya jioni ya leo, nikayaunganisha na maji ya asubuhi ya kesho, mwaka baada ya mwaka. Nukta zikaanza kupanda, hii kidogo, ile sana. Kila nilipounganisha mvua moja niliona bonde limejaa tena. Nilikuwa nikisali mwaka unaofuata usipande, nao unapanda. Nilipoufikia ule wa miaka yangu saba sikuwa na karatasi ya kutosha kwa juu. Niliunga kipande, gundi ikanichafua vidole, nikaiweka nukta. Ilikaa juu ya nyingine zote kwa mbali sana. Tuta la kimo cha grafu ya kwanza, ukilichora kwenye karatasi hiyo hiyo, lingefika karibu nusu yake.

Nje upepo wa kaskazi ulikuwa unakatika. Mawingu yalianza kusimama upande wa bahari kila alasiri, na kila nikiyaona nilikuwa nikihesabu: mto uko hapa, kiwanja cha kwanza, cha pili, cha tatu. Mwanangu hajui hata kukimbia vizuri. Akiona dimbwi, hulikalia.

Nilikwenda kwa mama. Nilimkuta anafunga miti ya kujengea na kamba ya mnazi, mtoto ameketi kwenye ungo.

"Mama, usiende."

"Nisiende niende wapi? Wa juu kule walikataa, paa lao likashushwa."

"Si unajua maji yalifika wapi? Si uliwaambia?"

"Niliwaambia. Yule mkuu wako alikuwepo kwenye mkutano. Akasema masimulizi ya vikongwe si takwimu. Eti nina karatasi?" Akaivuta kamba kwa meno. "Mimi karatasi yangu ni shangazi yako. Wewe ndiye mwenye penseli. Niletee karatasi."

Nilimletea. Na ilipofika mezani kwa mkuu, mmeona ilivyofanywa.

Baada ya chai kumwagika alisimama, akafunga mlango, na hapo hakucheka tena. Alisema vipimo vya jioni havimo katika sheria, kwa hiyo havipo. Alisema wakubwa wameshaahidiwa kijiji kitakuwa tayari, na tuta kubwa zaidi halina trekta wala siku za kulijenga. Kisha akasema taratibu, kana kwamba ananionea huruma: "Unajua anayepinga operesheni anaitwaje? Una mtoto wewe."

Nilijua anaitwaje. Jirani yetu mmoja wa Kiwangwa alichukuliwa kwa maneno machache kuliko hayo, akarudi baada ya wiki nyingi hataki kuzungumza. Nilitoka na grafu chini ya kanga, nikapita mbele ya wenzangu, hakuna aliyeinua uso. Nilimwogopa yule mtu. Niliogopa kufukuzwa, niliogopa kukamatwa, niliogopa mume wangu angesema nini. Nikazipanga hofu hizo zote, nikaweka upande wa pili mwanangu na yale maji ya uvuguvugu. Hazikutosha.

Asubuhi yake nilifika ofisini kabla ya mtu yeyote, nikatia karatasi tatu na kaboni mbili kwenye mashine, nikachapa barua. Kisha nikaipeleka mwenyewe wilayani, siyo kwa tarishi. Karani wa masjala, mwanamke wa makamo, aliisoma yote akiwa amesimama.

"Mwanangu, una hakika unataka nigonge muhuri? Nikigonga haitoki tena."

"Gonga, mama."

Akagonga. Hii ndiyo nakala yangu.

Kwa Mkuu wa Wilaya.

Ndugu,

YAH: MALALAMIKO JUU YA KUFUTWA KWA KIPIMO CHA MVUA

Mimi ni karani wa takwimu katika ofisi ya madaftari ya hali ya hewa. Nalalamika rasmi kwamba mkuu wangu wa kazi, jana asubuhi, mbele yangu, alifuta kwa raba mvua kubwa kuliko zote iliyopata kupimwa na kituo chetu, ili grafu itakayopelekwa kwa wapimaji wa tuta la kijiji kipya ionekane nyoofu.

Mvua hiyo si ya kubuni. Mwangalizi wa zamani aliipima yote, jioni na asubuhi, wala hakukosea kupima. Aliihesabu siku kuanzia magharibi kama tunavyohesabu watu wengi wa pwani hii, kwa hiyo mvua moja iliingia daftarini kama siku mbili. Ukihesabu kuanzia saa tatu asubuhi, kama kanuni ya kazi inavyotaka, mvua hiyo inarudi kuwa moja. Vidaftari vyake ninavyo. Nitavionyesha kwa yeyote utakayemtuma, lakini sitaviacha mikononi mwa ofisi yangu.

Tuta likijengwa kwa kimo cha grafu iliyofutwa, maji ya mvua kama ile yatapita juu yake. Walio nyuma ya tuta wataambiwa wamekingwa, na kwa hiyo watakuwa wamelala.

Sipingi kijiji. Sipingi operesheni. Naomba mambo matatu. Grafu kamili, ambayo nimeiambatanisha baada ya kuichora upya, ipelekwe kwa wapimaji jinsi ilivyo. Mtu mwenye ujuzi aje avilinganishe vidaftari na daftari la ofisi, nami nikiwepo. Na mpaka hayo yafanyike, asihamishwe mtu yeyote kwenye viwanja vya mtoni, wala nyumba ya mtu isibomolewe huku juu.

Mkuu wangu ameniambia kuwa kuleta jambo hili ni kupinga serikali. Kama ni hivyo, naomba niambiwe hivyo kwa maandishi, na aliyeniambia atie saini.

Ninalo la binafsi katika jambo hili na silifichi. Mama yangu mzazi amepewa kiwanja cha tatu kutoka mtoni, na mwanangu wa pekee analala kwake. Nimeyaona maji ya bonde lile nikiwa mtoto. Yaliondoka na mtu wa nyumba yetu.

Masika yamekaribia. Naomba jibu kabla hayajafungua.

Wako katika kazi,

Karani wa Takwimu

Nakala: Wapimaji wa tuta.
Mwenye kiwanja cha tatu, asomewe.